Baji Hataki Kuoga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Baji ni kasuku mdogo wa Australia, mwenye uzito wa gramu 30 hadi 40, na mwenye msimamo kuliko uzito wake. Wafugaji wengi wanapolalamika kwamba baji wao hataki kuoga, ukiwauliza wamejaribu vipi utaambiwa wamempulizia maji usoni, au wamemtumbukiza kwenye bakuli. Ndege wa namna hiyo hajakataa maji. Amekataa kuogeshwa. Majibu yafuatayo yanahusu jinsi ya kumwachia aoge mwenyewe.

Baji wangu hajaoga tangu nimnunue. Je, ni mgonjwa?

Kwa kawaida, hapana. Baji hujisafisha kila siku hata asipogusa maji. Mtazame akitulia: atageuza shingo mpaka juu ya mkia, asugue mdomo pale, kisha apitishe manyoya mdomoni moja baada ya jingine. Pale anaposugua pana tezi ndogo ya mafuta, na mafuta hayo husaidia manyoya yasikauke na kukatika. Ndege anayejichambua, anayekula vizuri na anayepiga soga asubuhi hana tatizo la usafi.

Wa kukutia wasiwasi ni yule aliyeacha kujichambua: manyoya yamevurugika, amejivimbisha mchana kutwa, kajikunyata kwenye kona ya chini ya tundu. Huyo usimpe maji ya kuoga. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na mapema, kwa sababu ndege huficha ugonjwa mpaka umezidi.

Kama anajisafisha mwenyewe, maji ya nini basi?

Maji huondoa vumbi na unga mwepesi unaotoka kwenye manyoya, ule unaouona juu ya meza iliyo karibu na tundu. Faida kubwa zaidi huonekana wakati anabadilisha manyoya. Manyoya mapya hutoka yakiwa yamefungwa ndani ya ganda jembamba, yanachomoza kama vijiti vyeupe, hasa kichwani. Mwilini anayabambua kwa mdomo, lakini kichwani mdomo haufiki. Unyevu hulainisha maganda hayo na muwasho hupungua. Ndege ambaye miezi yote hakutaka maji anaweza kuyakimbilia kipindi hicho, kwa hiyo usiache kumpa nafasi.

Mahali unapoishi nako kuna uzito wake. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa yenyewe ina unyevu mwingi. Dodoma wakati wa kiangazi, vumbi likitimka na upepo mkavu ukivuma, kuoga kunamsaidia zaidi.

Kwa nini anaogopa maji?

Tuanze alikotoka. Baji wa porini huishi maeneo makavu ya ndani ya Australia, wakihama kwa makundi makubwa kufuata mvua na mbegu za nyasi. Huko hakuna beseni. Wanalowana kwa mvua, au wanajisugua kwenye majani na nyasi zenye umande. John Gould, mtaalamu wa ndege kutoka Uingereza, alirudi kwao na baji walio hai mwaka 1840, na tangu hapo wamefugwa vizazi kwa vizazi, lakini tabia ile ya kuoga kwenye majani mabichi bado wanayo. Ukimwekea bakuli jeupe lililojaa maji yanayong'aa, haoni bafu. Anaona kitu kigeni ambacho hajui kina chake.

Pili, yeye ni windo. Kinachomjia kutoka juu, kwa akili yake, ni mwewe. Mkono unaoingia kwa juu ya tundu ukiwa na chupa inayorusha maji kwa sauti ya "fiish!" una kila sifa ya adui. Hata kama mkono huo humpa ulezi kila jioni, siku hiyo atausahau wema wake.

Tatu, baji wengi wanaouzwa wamekulia kwenye matundu yaliyojaa ndege, ambako maji ni ya kunywa tu. Hawajawahi kumwona mwenzao akioga. Na kama aliwahi kushikwa kwa nguvu akamwagiwa maji, ana sababu yake ya kukimbilia kona kila akuonapo na chupa.

Kuna jambo moja la kawaida ambalo watu hulisahau: upya wa nyumba. Ndege aliyefika juzi bado anajifunza sauti za kwako, mwanga wa kwako, paka wa jirani. Mwache wiki mbili au tatu azoee kwanza. Akishaanza kula mbele yako bila kusitasita, zungumza naye habari za kuoga.

Nianzie wapi bila kumtisha?

Anza na majani. Ndiyo njia ninayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote, na kwa ndege wengi waoga huhitaji kuvuka hapo.

Chukua majani mapana ya mboga, yaoshe vizuri kuondoa dawa za shambani, kisha uyaache yakiwa yanachuruzika maji. Yabane kwenye waya wa tundu karibu na kijiti anachopenda kukaa, kwa urefu wa kifua chake, yasiwe juu ya kichwa. Halafu ondoka. Nenda kaoshe vyombo. Kumkodolea macho ni sehemu ya tatizo, maana macho mawili yanayomtazama kwa mbele bila kupepesa ni dalili ya mnyama anayewinda.

Siku ya kwanza huenda akakaa mbali na kuyatazama kwa jicho moja. Siku nyingine ataonja. Anapoonja, uso wake unalowana. Akilowana uso atajipukuta. Na siku isiyo na jina utamkuta amejilaza juu ya jani, anasugua shavu huku na huku, kifua kimelowa, anapiga kelele za furaha. Hapo ameoga. Kama majani yanamtisha hata yakiwa karibu, yaweke upande wa pili wa tundu na uyasogeze kidogo kidogo siku hadi siku. Akijibana au akiacha kula, umewahi mno, rudisha yalipokuwa.

Asubuhi ni wakati mzuri, hasa nyumba ikiwa na sauti ya maji: bomba linatiririka, mvua inapiga bati, mtu anafua. Sauti ya maji huwaamshia baji wengi hamu ya kuoga. Unaweza hata kufungua bomba la jikoni kwa dakika chache tundu likiwa chumba hichohicho, mradi jiko halijawashwa.

Majani gani yanafaa?

Sukuma wiki, mchicha, figiri, majani ya saladi, au fungu la giligilani (dania kwa walio Kenya). Sukuma wiki linashinda kwa upana: jani moja kubwa linabeba maji ya kutosha kumlowesha baji mzima, na mikunjo yake hushika matone. Giligilani linafaa kwa anayependa kujipenyeza kati ya vijani vidogo. Usitumie majani ya mparachichi, na tunda lake pia usimpe kamwe. Ni sumu kwa ndege. Majani ya mapambo ya ndani ya nyumba yaache kabisa, mengi yana sumu.

Yaondoe baada ya saa mbili hivi, kabla hayajalegea na kuanza kuchacha, hasa kwenye joto la pwani.

Akishazoea majani, naweza kumwekea sahani ya maji?

Ndiyo. Sahani bapa ya udongo, ile ya kuwekea chungu cha maua, ni bora kuliko bakuli la kioo au la plastiki laini, kwa sababu miguu yake haitelezi. Maji yasizidi sentimita moja na nusu. Baji hajui kuogelea, na asipoona chini hatatia mguu. Weka kokoto safi mbili tatu zinazochomoza juu ya maji ili awe na pa kusimama, au tandika lile jani la sukuma wiki alilokwisha kulizoea ndani ya sahani. Atapanda juu ya jani, na maji yatamfuata.

Yapo mabafu madogo ya plastiki yanayotundikwa kwenye mlango wa tundu. Kwa baji jasiri yanafaa. Kwa mwoga, nafasi ile finyu yenye njia moja ya kutokea inamtia hofu zaidi. Nisingekushauri ulipie pesa kitu ambacho sahani inakifanya vizuri zaidi.

Chupa ya kupulizia ni mbaya?

Si mbaya, inatumiwa vibaya. Chupa iwe mpya, isiwe iliyowahi kuwekwa dawa ya kusafishia vioo au ya wadudu, hata uisugue vipi. Weka mdomo wake utoe ukungu mwembamba, si mchirizi. Pulizia hewani juu na kando ya tundu, ukiwa umesimama umbali wa mkono mmoja au zaidi, ili matone yateremke yenyewe kama manyunyu. Usimlenge. Usimpulizie usoni, kwani maji yakiingia kwenye matundu ya pua juu ya mdomo anaweza kupaliwa.

Kabla ya kumpulizia yeye, ionyeshe chupa kwa siku kadhaa: iweke mezani anapoiona, siku nyingine jipulizie mkono wako mbele yake, siku nyingine lowesha majani kwa chupa hiyohiyo. Akikukimbia, weka chini. Hakuna ndege aliyejifunza kupenda manyunyu kwa kupuliziwa zaidi.

Nitajuaje kama anafurahia au anavumilia tu?

Mwili wake unasema. Anayefurahia huvimbisha manyoya, hushusha kifua, hufungua mabawa kidogo na kuyatikisa, huzamisha kichwa na kukiinua haraka. Akimaliza hujipukuta, hukaa kijitini na kuanza kujichambua kwa utulivu.

Mwenye hofu hubana manyoya mpaka anaonekana mwembamba na mrefu, husimama wima ameganda, macho yamemtoka. Wengine hukwea waya za tundu na kurukaruka ovyo. Akifika hatua ya kuhema mdomo wazi, acha mara moja, ondoa kila kitu, punguza mwanga na kelele, umwache apumzike. Kukaa kimya kwa ndege aliyeganda si kukubali, wafugaji wengi hukosea hapo, wakisema "leo alitulia kabisa."

Je, nimshike tu nimpitishe chini ya bomba, yaishe?

Usifanye hivyo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hewa huingia na kutoka kwa kifua chake kupanuka na kubana. Mkono unaomshika kifuani kwa nguvu unaweza kumnyima pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi. Ongeza hofu, ongeza maji yanayompiga kichwani, na ndege wa gramu 35 anaweza kufa mkononi mwako. Hata akipona, imani uliyoijenga kwa miezi imekwenda na maji.

Ni tofauti na baji anayekuja mwenyewe kusimama kwenye kiganja chako chini ya mchirizi mwembamba. Huyo kajiamulia. Mwachie.

Mara ngapi kwa wiki, na saa ngapi?

Mpe nafasi mara mbili au tatu kwa wiki; wakati wa joto au wa kubadilisha manyoya, kila siku akitaka. Kutoa nafasi si lazima aitumie. Saa za asubuhi mpaka adhuhuri ndizo nzuri, kwa sababu lazima awe mkavu kabla ya kulala.

Huku kwetu Julai ni baridi sana. Aendelee kuoga?

Nairobi, Arusha, Iringa, Njombe: mwezi wa sita mpaka wa nane, chagua siku yenye jua na usubiri chumba kipate joto, hata kama ni saa sita mchana. Mwili wa baji una joto la kama nyuzi 41, na kwa udogo wake hulipoteza haraka manyoya yakilowa. Siku ya mawingu na upepo, majani yenye unyevu kidogo yanatosha. Usichemshe maji kwa huruma. Maji ya moto huondoa mafuta kwenye manyoya. Ya uvuguvugu mdogo au ya kawaida ya chumbani yanafaa.

Maji ya kisima yanafaa?

Tumia maji ambayo wewe mwenyewe ungekunywa, kwa sababu naye atayanywa akiwa anaoga. Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, vina chumvi, na chumvi hubaki kwenye manyoya maji yakikauka. Hapo mpe ya kunywa; anahitaji kikombe kimoja tu. Maji ya bomba yakinuka dawa sana, yaache wazi usiku kucha ndani ya chombo.

Niongeze sabuni, shampuu ya watoto au siki kidogo?

Hapana, maji matupu. Sabuni huondoa mafuta yanayolinda manyoya, na mabaki yake ataishia kuyameza akijichambua.

Wapo pia wanaoshauri kumpaka mafuta ya nazi ili ang'ae. Mafuta hugandisha manyoya, hayawezi tena kuhifadhi hewa ya joto, na ndege anapata baridi hata kukiwa na jua. Mng'ao wa baji hutoka kwenye chakula na afya.

Na ukiona utitiri, au ukoko mweupe wenye vitundu vitundu kuzunguka mdomo na miguuni, kuoga hakutauondoa. Daktari ana dawa yake, na kipimo chake kwa ndege huyu ni kidogo mno, usikisie. Dawa ya kupulizia mbu usiielekeze kwake wala kuipulizia chumbani alimo.

Nimkaushe vipi?

Ajikaushe mwenyewe. Mashine ya kukaushia nywele ina kelele, inaweza kumuunguza, na baadhi yake zina mpako uleule ulio kwenye vikaango visivyoshika chakula. Mpako huo ukipata joto kali hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi. Taulo nayo inamaanisha kumshika.

Sogeza tundu mahali pasipo na upepo, penye jua la asubuhi upande mmoja na kivuli upande mwingine ili achague. Jua lisipitie kwenye kioo kilichofungwa, maana joto hupanda haraka. Jiko la mkaa usimsogezee kwa nia ya kumpasha joto, na siku hiyo udi na ubani vifukizwe chumba kingine. Mapafu ya ndege ni mepesi kwa moshi, na harufu tunayoipenda sisi kwake ni mzigo.

Amechafuka kweli: kinyesi kimeganda makalioni, au ameangukia mafuta. Bado nimsubiri?

Hapa kusubiri hakufai. Kinyesi kilichoganda chini ya mkia lainisha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, futa taratibu bila kuvuta, na mtu wa pili amshike kwa kitambaa laini bila kubana kifua. Kisha tafuta sababu: ndege mzima hachafuki pale. Ikijirudia, au kinyesi kikiwa maji, ni daktari.

Akiangukia mafuta ya kupikia, yanyonye kwa karatasi laini, mweke mahali pa joto na umwahishe kwa daktari. Mafuta yakiwa ya moto, ni jeraha la kuungua. Usipoteze dakika nyumbani. Gundi ya panya ni mbaya zaidi. Usimvute. Nyunyiza unga wa ngano kwenye gundi iliyo wazi isizidi kumnasa, kisha nenda naye hivyohivyo.

Nina baji wawili. Mmoja anaoga, mwingine anatazama tu. Niwatenganishe?

Waache pamoja. Baji ni ndege wa kundi na huigana katika kula, kulala hata kupiga kelele. Weka sahani mahali ambapo mwoga ana kijiti cha kutazamia kwa raha. Matone anayorushiwa na mwenzake akijipukuta ni somo kuliko chupa yako. Aliye peke yake unaweza kumchezea kwenye simu sauti za baji wengine wakioga, kwa sauti ya chini.

Na makinda je?

Makinda yaliyo ndani ya sanduku la kutagia yasiloweshwe kabisa. Hayana manyoya ya kutosha kutunza joto. Yakishatoka na kujilisha yenyewe, jani lenye umande halina madhara, na baji anayekutana na jani bichi akiwa mdogo mara nyingi hawi mwoga ukubwani.

Nimejaribu yote. Bado hataki. Niendelee mpaka lini?

Acha kuhesabu. Wapo baji wanaoishi miaka yao yote kwa majani mabichi ya hapa na pale, na manyoya yao yako sawa. Kama anajichambua, endelea kumpa jani lenye maji kama sehemu ya chakula, na ile sahani uirudishe jikoni.

Hataki sahani, lakini anatumbukiza kichwa kwenye chombo cha maji ya kunywa. Nimzuie?

Usimzuie, ndiyo njia aliyoichagua. Kinachotakiwa ni maji hayo kubadilishwa mara tu akimaliza, kwa sababu sasa yana vumbi na mara nyingi kinyesi. Weka chombo cha pili kipana kidogo kando ya kile cha kwanza, chenye maji kina kilekile, ukiinue mpaka urefu uleule. Wengi huhamia kwenye kipana ndani ya siku chache. Vyote viwili vioshe kila siku kwa maji ya moto na brashi, usuuze, ndipo urudishe tunduni.